Kizibo Chini ya Mtulinga

Wanafunzi waliopanga vyumba vya uani walimwita mwenye nyumba Spika, kwa sababu hakuna aliyepiga soga ndani ya uzio ule bila ridhaa yake. Walidhani hajui. Jioni moja walikuwa wakibishana mpira, akafungua dirisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimesikia hoja za pande zote. Kikao kimeahirishwa, kalaleni." Wakaingia vyumbani mmoja mmoja, hakuna aliyebisha.

Mimi nilimwita Mama, na hapa nitamwita mama mwenye nyumba, maana nilikuwa mpangaji wake na ndivyo nilivyomjua. Kuhusu ujana wake na watu wake wa Hombolo, sijui vya kutosha, na siwezi kuandika jambo ambalo sina hakika nalo. Ugonjwa huu wa kutaka hakika utaonekana tena hapa, naomba nivumiliwe. Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na za sendofu kwa kompyuta. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu. Kila kadi huwa naisoma kwa sauti hadi majina ya maharusi yanapoteza maana, ndipo naipeleka kuchapwa, na njiani nasimama kuisoma tena. Nikitoka nyumbani nafunga kufuli, natembea kidogo, narudi kulivuta. Mama mwenye nyumba alinitazama nikifanya hivyo siku nyingi kabla ya kusema lolote. Siku aliyosema alikuwa anachambua mlenda, hata hakuinua kichwa.

"Wewe wa kadi. Kufuli halijaota miguu."

Lakini yeye naye alikuwa na yake. Maji, kwa mfano. Mgao ukianza, maji aliyooshea mboga yaliosha sakafu, na yaliyoosha sakafu yalimwagwa uani kulaza vumbi, na ole wake aliyeonekana akimwaga beseni kwenye mtaro. Halafu jua likishuka, huyohuyo alibeba ndoo ya maji safi ya tangi hadi ukutani, akamwagilia bogenvilia lililokuwa limepandwa upande wa pili, kwa jirani, ambalo matawi yake tu ndiyo yaliyotufikia. Mwanafunzi mmoja alimuuliza inakuwaje. Akajibu kwamba limeinamia kwake, sasa alinyime maji kwa sababu mizizi iko kwa watu?

Alichukia uongo mdogo kuliko mkubwa. Mkubwa, alisema, mtu ana sababu zake. Mpangaji aliyesema "niko njiani" akiwa bado kitandani alihesabika kwake kuwa mtu aliyeharibika. Na bado nilimsikia mwenyewe akimwambia kijana wa bodaboda kwamba yeye ni mgonjwa wa moyo, ili asimwendeshe kasi. Moyo wake ulikuwa mzima. Kilichokuwa kibovu ni utumbo mpana.

Ugonjwa huo ulianza kabla sijafika pale. Alitibiwa Dar es Salaam, akawekewa dripu za saratani kwa miezi, na kwa kuwa mishipa ya mikono yake ilikuwa myembamba, walimpasua kidogo kifuani, upande wa kulia chini ya mtulinga, wakamwekea kifaa cha kupitishia dawa. Manesi hukiita poti. Ni kidude kigumu kinacholala chini ya ngozi, na kutoka hapo mrija mwembamba unaingia kwenye mshipa mkubwa unaokwenda moyoni. Nesi anachoma sindano juu ya kidude badala ya kuhangaika na mkono. Yeye alikiita kizibo, kwa sababu kilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda. Alinionyesha siku moja bila mimi kuomba, akishusha kanga bega moja, akifurahia kuniona nikikunja uso. Akasema watu wengine wanarudi Dar na vitenge, yeye karudi na hiki.

Alikuwa mtu wa kumsikiliza daktari kwa kila neno. Akiambiwa anywe maji glasi kadhaa, anakunywa akizitaja kwa sauti. Lakini siku madaktari walipomwambia kwamba vipimo havionyeshi tena kitu, alikwenda kanisani kutoa shukrani, na ndani ya kikapu cha sadaka, pamoja na fedha yake, akaweka utepe wa mkononi wa hospitali, karatasi za dawa, na ile kadi ndogo aliyopewa baada ya upasuaji, iliyoeleza kifaa alichowekewa ni cha aina gani. Alisimama mbele ya waumini akasema amemaliza, hana haja navyo. Wakampigia vigelegele. Wazee wa kanisa waliohesabu sadaka walitoa fedha, na vile vingine sijui walivipeleka wapi. Nilipokuja kumuuliza kama tunaweza kwenda kuulizia, alinitazama kama mtu aliyekosa adabu.

"Nilimpa Mungu. Nimwambie anirudishie?"

Ilibidi niulize kwa sababu ugonjwa ulirudi, au ulielekea kurudi. Alianza kuchoka, akakonda usoni. Ultrasaundi ilionyesha kivuli kwenye ini. Daktari alitaka siti-skani ya kupigwa na dawa mwilini, ile inayofanya mishipa na uvimbe vionekane. Bila dawa hiyo, alisema, hawezi kujua kivuli ni kitu gani, wala kama kinaweza kukatwa, na hawezi kumpasua mtu kwa kubahatisha. Dawa hiyo haisukumwi taratibu kwa mkono. Kuna mashine inayoisukuma kwa nguvu, kwa muda mfupi sana. Walitafuta mshipa mkono wa kulia, wakatafuta wa kushoto, wakatafuta mguuni. Mmoja walioupata ulipasuka kwa maji tu ya kujaribia, mkono ukavimba kama andazi.

Mtaalamu wa mionzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Ndiye aliyeona kovu kifuani, akauliza kama hicho ni poti. Uso wangu ukachangamka, nikadhani tumepona. Akauliza ni ya aina gani. Akatueleza kwamba ziko zinazostahimili mashine yake na ziko zisizostahimili, na kwa nje ngozi inazifunika zote sawa.

"Mama, nikisukuma dawa kwenye ile isiyo na nguvu, inaweza kupasuka ndani, kipande cha mrija kikaenda moyoni."

"Basi usisukume," mama mwenye nyumba akasema.

"Ndiyo maana nauliza."

"Na mimi ndiyo maana nakujibu."

Yule kijana alicheka, lakini hakulegeza. Alisema anahitaji uthibitisho wa namna mbili zinazokubaliana. Kadi pamoja na faili la waliomwekea. Vikikosekana, basi picha ya eksirei inayoonyesha alama za kifaa, pamoja na mkono wa mtu anayezijua poti kwa kuzigusa. Sikuweza kumchukia. Angekuwa mzembe ningemchukia vizuri tu, lakini alikuwa anafanya vilevile ambavyo ningefanya mimi.

Niliyafanya yote yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu, na hapa ndipo nilipogundua uwezo wangu ni mdogo kiasi gani. Nilipiga simu Dar hadi nikazoeana na sauti ya dada wa mapokezi. Jibu lilikuwa kwamba kipindi kile waliweka za aina zote mbili, na faili linatafutwa. Nilimtafuta nesi wa kike aliyekuwa akimsafishia poti hapa Dodoma kabla hajahamishiwa Kondoa. Alimkumbuka mama mwenye nyumba na vituko vyake, lakini aina ya poti hakuikumbuka. Dawa zake zote zilikuwa za kwenda taratibu, hakuwahi kuhitaji kujua. Nilisoma kwenye simu hadi macho yakawasha, Kiingereza cha kitabibu ambacho ilibidi nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Nikajua kwamba baadhi ya poti zenye nguvu zina vinundu vitatu juu vinavyosikika kwa kidole, na baadhi zina umbo la pembe tatu, na baadhi zina herufi zinazotokea kwenye eksirei, na kwamba nyingine hazina hata kimoja kati ya hivyo. Kila nilichojua kiliongeza tu njia za kukosea.

Mkono wenye ujuzi ulikuwepo. Tangu yule nesi ahamishwe, katika idara ile alibaki mmoja aliyefunzwa kazi ya poti. Alikuwa mkwe wa mama mwenye nyumba.

Sina budi kumweleza mkwe. Alikuwa nesi mrefu, mkimya, aliyemwoa binti pekee wa mama mwenye nyumba. Binti huyo ni mwalimu, alipangiwa Songea, na kwa miaka yote niliyokaa pale alikuwa akisubiri uhamisho. Mkwe alikuja kumjulia hali mama mkwe wake kila wiki, na kila alipokuja alisimama nje ya geti akitazama barabarani. Mama mwenye nyumba naye, akisikia mlio wa pikipiki hiyo, aliingia ndani akarudishia mlango. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Mchungaji wake mwenyewe alimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Akamjibu kwamba mchungaji ana watoto wa kiume watupu, atajuaje.

Mimi nikawa bomba lao. "Mwambie mkwe chai ipo," angesema kutoka ndani, na mkwe angekuwa amesikia waziwazi, lakini angengoja nifike getini nimwambie, ndipo ajibu, "Mwambie mama nashukuru." Ningerudi mlangoni kumwambia jambo ambalo naye ameshalisikia. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kuchekesha. Baadaye niliona jinsi zabibu zikiletwa kutoka Hombolo, kishada kizuri kuliko vyote kilivyowekwa pembeni kikifunikwa na sahani, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa hadi pikipiki isikike. Na jinsi mkwe alivyojua saa za ibada, akaja kutengeneza tangi wakati mwenyewe hayupo. Sijaona watu wawili waliotunzana namna ile wakiwa wamepeana migongo.

Nilipomwambia kwamba mkwe ndiye anayetakiwa amguse kifuani, hakukasirika. Alisema tu hapana, kama unavyosema hapana kwa mtu anayekukaribisha chakula ukiwa umeshakula.

Siku ya kujaribu, mkwe alikuja mwenyewe na njia. Katika chumba kidogo cha mionzi kulikuwa na pazia la kijani. Mama mwenye nyumba akalala upande mmoja pamoja nami. Mkwe akasimama upande wa pili, na niliona kwa chini ya pazia kwamba viatu vyake vimeelekea ukutani. Angenielekeza kwa sauti, mimi nitumie vidole vyangu.

"Nawa mikono kwanza," akasema. Nilikuwa nimenawa mara tatu. Nikanawa tena.

"Kishike kwa vidole viwili pembeni, ukisogeze kidogo. Kimesogea?"

"Kimesogea."

"Sasa kidole cha shahada kipite juu yake polepole. Katikati patakuwa laini kidogo. Pembezoni mwa ule ulaini, kuna vinundu?"

Nikapitisha kidole. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Nilihisi kinundu kimoja, halafu cha pili. Nikasikia cha tatu, nikarudi kukitafuta hakipo, nikarudi tena kipo, kisha nikashindwa kujua kama ni kinundu au ni kovu, au ni hamu yangu. Kizibo kililala upande, kama sahani iliyoegemezwa.

"Mwambie mkwe," mama mwenye nyumba akasema huku ananitazama mimi, "asiwe na haraka, mtoto anatafuta."

"Mwambie mama sina haraka," pazia likajibu.

Kisha akanivuta shingo hadi sikio langu likawa karibu na mdomo wake. "Sema vitatu," akaninong'oneza. Yule aliyechukia uongo mdogo.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi. Lakini nikauona mrija ukielea kuelekea moyoni mwake, na nikasema vinaweza kuwa vitatu, sina hakika. Upande wa pili wa pazia mkwe akasema ahsante, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenikaripia.

Walimpiga eksirei. Kabla ya kukubali aliuliza kama mkwe ataiona, akaambiwa ndiyo. Akafikiri. Akasema mifupa si kitu, mifupa watu wote wanafanana. Kwenye picha kizibo kilionekana kwa ubavu, na pembeni yake palikuwa na kitu ambacho kingeweza kuwa ncha ya herufi. Walirudia kwa pembe nyingine, ncha ikabaki ncha. Mtaalamu wa miwani aliitazama muda mrefu, akasema picha inasema labda, na mkono wangu nao umesema labda, na yeye hawezi kuwasha mashine kwa labda mbili. Ila mkono wa mtu anayejua ukisema ndiyo, ataichukua hiyo ncha kama ushahidi wa pili. Hapo wote tukatazama mlango, kwa sababu mkono huo ulikuwa umesimama koridoni.

Jioni hiyo binti alipiga simu kutoka Songea, simu ikawekwa spika mezani. Alianza kwa kubembeleza, akamaliza analia. Alisema, mama, ni nesi, anagusa watu kutwa nzima.

"Wewe ulimleta hapa kama mume," mama yake akamjibu. "Ungemleta kama nesi, ningemfungulia kanga siku ileile."

"Mama, utakufa kwa ajili ya kanga?"

"Sijasema nakufa. Nimesema hapana."

Wakampiga siti-skani bila dawa. Majibu yalisema kivuli kipo, na kwamba hakiwezi kuelezwa zaidi. Akapewa rufaa ya kurudi Dar, na tarehe iliyokuwa mbali. Nilichapa barua ya kuomba isogezwe mbele, nikaipeleka, nikaambiwa imepokelewa. Nilikata tiketi za treni, nikaangalia jina lake kwenye tiketi hadi nikachoka. Wakati huo alikonda kila wiki. Mabega yalitokeza, na kizibo kikatokeza pia, hata juu ya kanga ungeona kinavyoinua kitambaa. Macho yake yakaanza kuwa ya manjano. Bado alibeba maji kwenda ukutani, sasa kwa kikombe. Wanafunzi wakaacha kumwita Spika bila mtu kuwaambia.

Nilikuwa namsoma usoni kila asubuhi kama ninavyosoma kadi, nikitafuta kosa ninaloweza kulisahihisha. Halikuwepo. Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawanielewi nikisimulia. Wanauliza kwa nini hamkufanya hivi, kwa nini hamkumlazimisha, kwa nini mkwe hakufumba macho tu akafanya. Kila mtu pale alikuwa anafanya lililo sawa, na lililo sawa la kila mmoja lilikuwa limeziba la mwenzake.

Jumapili moja baada ya ibada, ambayo hakuweza kwenda, tulikuwa uani, yeye juu ya mkeka ameegemea ukuta. Pikipiki ikasikika. Nikainuka kumsaidia aingie ndani, akanizuia kwa mkono.

"Mwambie aingie," akasema. "Aje aone mwenyewe. Nimechoka kutuma watu."

Nilikwenda getini. Mkwe alikuwa amesikia, lakini alingoja nimwambie, na nilipomwambia aliendelea kutazama barabara, taya zikicheza. Alikwenda bombani akanawa mikono hadi viwiko, kama kazini. Alikuja akapiga magoti pembeni ya mkeka, macho chini. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeshusha kanga, kwa mkono wake mwenyewe, akageuza uso kutazama ukuta.

Mkwe alifumba macho. Alishika kizibo kwa vidole viwili, akakisogeza, akapitisha kidole juu, akarudia kutoka upande mwingine. Nilijikuta nahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, kana kwamba ningeweza kuviita vije. Alirudia tena. Nikaona uso wake unabadilika, na nikajua kabla hajasema.

"Kimegeuka, mama," akasema. Alimwambia yeye, si mimi. "Umekonda, mfuko wake wa ngozi umelegea, kimejigeuza chini juu. Nagusa mgongo wake. Hakina vinundu huku. Na hata kikiwa chenye nguvu, sasa sindano haiwezi kuingia."

Mama mwenye nyumba aliendelea kutazama ukuta. "Ungenigusa mwezi ule, ungejua?"

Angeweza kusema hapana. Ungekuwa uongo mdogo, na sidhani kama kuna mtu angemlaumu.

"Ningejua, mama."

Akatikisa kichwa taratibu kuonyesha amesikia. Halafu akageuza uso kutoka ukutani akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake, akamchunguza paji la uso, pua, kidevu, bila haraka, kama mtu anayemtambua mgeni aliyemsikia kwa sauti tu.

"Kumbe una kovu hapo," akasema.

"Nilianguka kwenye baiskeli, utotoni."

"Binti hakuniambia."

Mkwe alishika pindo la kanga, akaipandisha hadi shingoni, akaichomeka nyuma ya bega ili isiteleze, akabaki amepiga magoti palepale, mkono wake juu ya kitambaa.